Kichupa cha saa saba na dakika kumi

"Mama, mayai ni mazima. Angalia mwenyewe, yanagawanyika."

Nilisema maneno hayo saa nne usiku, nikiwa nimeinamia hadubini ya shule juu ya meza ya mbao, katika chumba cha matofali kilicho nyuma ya nyumba moja ya mtaa wa Panzi, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Chini ya lenzi kulikuwa na mayai sita ya kambare, kila moja likizidi kidogo milimita moja, ya rangi ya kijani iliyofifia kuelekea hudhurungi. Juu ya kila yai palikuwa na kofia ndogo ya seli zilizobanana kama maandazi kwenye sinia. Katika yai moja nilihesabu seli 32. Mama mwenye mabwawa aliinama, akafumba jicho moja, akaangalia kwa muda, akaguna kwa kuridhika, kisha akaenda kulala.

Asubuhi beseni lilikuwa kama limemwagiwa unga wa muhogo. Mayai yote yalikuwa meupe, na anayefuga samaki hahitaji kuelezwa maana ya weupe huo.

Usiku umeme ulikuwa umekatika. Kipasha joto kilizimika, na kijana wa zamu, aliyetakiwa kuwasha makaa na kuongeza maji ya moto kidogo kidogo, alichelewa. Mama alipiga hesabu yake papo hapo: saa nne Mwalimu ameyaona mayai mazima, alfajiri yamekufa, na kati ya saa hizo mbili chumbani kulikuwa na mtu mmoja tu. Kijana alikatwa mshahara wa mwezi mzima. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameondoka.

Shahidi aliyemtia hatiani nilikuwa mimi.

Sahani, unyoya na maji

Nilirudi nyumbani na hadubini yangu nikijiambia kwamba hayanihusu. Hata hivyo, kwa wiki sita jambo hilo halikuniacha, na mwanzoni sikuelewa ni nini hasa kilichokuwa kikinisumbua. Kijana alikuwa amechelewa kweli, na mwenyewe alikiri. Bukavu iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyoachwa bila moto usiku hupoa haraka. Mayai ya kambare yanayoanguliwa kwa takriban siku moja katika nyuzi 27 huhitaji zaidi ya siku mbili yakiwa katika nyuzi 20, na mengi hayafiki huko. Kila kitu kilionekana kumwelekea yeye.

Nilianza kurudia usiku ule kichwani tangu mwanzo. Saa tatu asubuhi jike alidungwa dondoo ya pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, ili mayai yapevuke. Jioni, tumbo lilipolegea, Mama alimfunga kichwa kwa kitambaa chenye maji, akamkamua taratibu, na mayai yakatiririka kwenye sahani kavu ya plastiki. Dume wa kambare hakamuliwi. Ni lazima achinjwe ili korodani zitolewe. Dume wa usiku ule hakuchinjwa siku hiyo. Alikuwa amechinjwa jana yake kwa ajili ya kundi jingine, na manii yaliyobaki yalihifadhiwa katika maji ya chumvi ndani ya friji, friji ambayo nayo ilikuwa ikizimika na kuwaka kila umeme ulipotaka.

Jambo hilo nililiuliza usiku ule ule. Niliuliza kama manii yalikuwa bado mazuri, na Mama akajibu kwamba tutajua kwa kuangalia mayai. Akamimina manii juu ya mayai, akachanganya kwa unyoya wa kuku, akaongeza maji safi. Mbegu za dume hulala ndani ya maji ya chumvi na huamka zinapokutana na maji yasiyo na chumvi. Huogelea kwa takriban dakika moja tu, na katika dakika hiyo ni lazima moja ipate tundu dogo lililo kwenye ganda la yai. Ilikuwa saa mbili kamili usiku. Mayai yakatandazwa juu ya chandarua ndani ya beseni.

Baada ya saa mbili niliangalia, nikaona seli 32, nikatoa hukumu.

Kilichonisumbua kilikuwa hapo. Niliuliza kuhusu manii, kisha nikajijibu kwa kuhesabu seli. Je, seli 32 zinasema lolote kuhusu manii?

Chura wanaotupwa ukingoni

Jibu lilikuwa limetapakaa miguuni mwetu, na nilikuwa nikiliruka kila mara nilipokwenda kwenye yale mabwawa.

Mama anawachukia chura wa majini wenye kucha. Wanaingia mabwawani usiku na kula vifaranga vya samaki, kwa hiyo kila asubuhi hutolewa kwa wavu na kutupwa ukingoni. Ni chura wa ajabu: hawana ulimi, ngozi yao inateleza kama sabuni iliyolowa, ubavuni wana alama kama mishono ya fundi cherehani, na katika kila mguu wa nyuma vidole vitatu vina kucha nyeusi. Wanasayansi huwaita Xenopus, yaani mguu wa ajabu. Kivu ina spishi kadhaa za jamii hiyo. Mwaka 2008 spishi moja iliyopatikana milima ya Itombwe ilielezwa kwa mara ya kwanza na kupewa jina la Xenopus itombwensis.

Ndugu yao wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, alisafirishwa kwa maelfu kwenda hospitali za Ulaya na Marekani katikati ya karne iliyopita, kwa sababu chura jike akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito hutaga mayai kabla ya siku kupita. Kipimo hicho kilikuja kuachwa, lakini chura walibaki maabara, na mayai yao yakawa dirisha ambalo kwalo watu waliona mwanzo wa uhai wa wanyama wenye uti wa mgongo. Nimefundisha biolojia miaka kumi na moja. Niliisoma kwa Kifaransa, ninaifundisha kwa Kifaransa, na ninaielezea kwa Kiswahili wanafunzi wanapokunja nyuso. Sijawahi kuwaambia wanafunzi hao kwamba mnyama aliyeyafundisha mataifa ni ndugu wa yule wanayempiga mawe wakienda kuchota maji.

Nilirudi kwenye makala za chura huyo kutafuta jambo moja tu: katika saa za kwanza, nani anaendesha mgawanyiko?

Akiba ya mama

Si mtoto.

Yai la Xenopus laevis hugawanyika kwa mara ya kwanza takriban dakika 90 baada ya kurutubishwa, kisha kila nusu saa, seli zote kwa pamoja, kama askari wanaopiga hatua. Hazikui, hazipumziki kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine, wala hazisubiri amri ya jeni zilizomo ndani yake. Kila kitu kinachotumika, kuanzia protini za kukunja kromosomu, nyuzi za kuvuta seli pande mbili, hadi nakala za RNA za kutengenezea protini zaidi, kiliwekwa na mama wakati yai lilipokuwa likipevuka ndani ya tumbo lake. Jeni za kiinitete, yaani za mtoto anayeanza kuumbika, za baba na za mama, zinanakiliwa kila mgawanyiko na kurithishwa kwa seli mpya, lakini karibu zote ziko kimya.

Mwaka 1982 John Newport na Marc Kirschner walionyesha kwamba hali hiyo ina mwisho unaojulikana. Baada ya mgawanyiko wa kumi na mbili, seli zikiwa zimefika takriban 4,000, mwendo unabadilika ghafla: mgawanyiko unapungua kasi, seli zinaacha kwenda pamoja, zinaanza kujongea, na jeni za kiinitete zinaanza kufanya kazi kwa wingi. Wataalamu huuita mpito wa kati ya blastula; blastula ni kiinitete kikiwa bado rundo la seli tu. Kwa samaki pundamilia, anayetumika sana maabara, mgawanyiko huja kila robo saa na mpito hufika kwenye mzunguko wa kumi, takriban saa tatu baada ya kurutubishwa.

Kuna sumu ya uyoga iitwayo alfa-amanitini, inayozuia seli kunakili jeni zake kuwa RNA. Kiinitete cha chura au cha samaki kilichotiwa sumu hiyo tangu mwanzo hugawanyika vizuri kabisa. Kinafika mbili, nne, nane, 16, 32. Ukikiweka chini ya hadubini yangu saa mbili baada ya kurutubishwa, nitamwita Mama na kumwambia kwamba ni kizima. Kinafika blastula, kisha kinasimama hapo hapo na kufa, kwa sababu wakati wa mtoto kusema umefika na mtoto hana sauti.

Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimeketi kitandani, simu mkononi, saa sita usiku. Niliiweka simu chini.

Saa nne ile nilikuwa nimemwona jike. Niliona kwamba alikuwa amelishwa vizuri na kwamba yai lake lilikuwa na akiba. Kuhusu kiinitete chenyewe, na kuhusu dume aliyechinjwa jana yake, sikuwa nimeona chochote.

Blanketi

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa na sababu ya kutosha ya kuona aibu. Ila mwalimu akishapata jibu la swali moja huanza kuuliza jingine, nami nilitaka kujua kiinitete kinajuaje kwamba zamu yake imefika. Hakuna saa ndani ya yai.

Wazo lililopata nguvu ni rahisi, na nimejaribu kuwaeleza wanafunzi hivi. Mama ameacha blanketi moja kubwa nyumbani. Kwanza linafunika watoto wawili, kisha wanne, kisha wanane. Blanketi haliongezeki, watoto wanaongezeka maradufu. Siku moja miguu inabaki nje, baridi inapiga, na watoto wanaamka. Blanketi hapa ni vitu ambavyo mama aliviweka kwa kiasi maalumu, hasa histoni, protini ambazo DNA huzungushiwa. Ujazo wa yai haubadiliki, lakini DNA inaongezeka maradufu kila mgawanyiko, mpaka histoni zilizo huru hazitoshi tena kuifunika na kuinyamazisha yote.

Ushahidi wake unapendeza. Newport na Kirschner waliingiza DNA ya ziada ndani ya yai la chura, na unakili ukaanza kabla ya wakati wake. Katika samaki pundamilia, viinitete vyenye seti moja tu ya kromosomu badala ya mbili huchelewa kwa mzunguko mmoja, kama nyumba yenye nusu ya watoto ambayo blanketi lake linatosha usiku mmoja zaidi.

Hata hivyo kuondoa blanketi peke yake hakumwamshi kila mtu. Mwaka 2013 ilidhihirika kwamba kwa samaki pundamilia kuna protini zinazotengenezwa kutokana na RNA za mama, zikiwemo Nanog, Pou5f3 na za jamii ya SoxB1, ambazo huenda kwenye jeni za kiinitete na kuzifungua. Miongoni mwa zinazofunguliwa mapema ni zile za RNA ndogo sana iitwayo miR-430, ambayo kazi yake ni kuzisaka na kuziharibu mamia ya nakala zilizoachwa na mama. Kwa maneno mengine, mama ndiye anayempa mtoto ufunguo, na jambo la mapema ambalo mtoto anafanya nao ni kufagia vitu vya mama nje. Mke wangu nilipomsimulia alicheka sana, akasema hilo halihitaji hadubini.

Jike asiye na dosari ya kuonekana

Kwa siku kadhaa nilishikilia kwamba kosa lilikuwa la manii. Lilinifaa, kwa sababu lilimwondoa kijana bila kumgusa mtu mwingine yeyote. Kisha nikakutana na samaki wa huluwa, na uhakika wangu ukayumba.

Mwaka 2018 watafiti wa China walieleza kuhusu samaki pundamilia jike ambao wao wenyewe walikuwa wazima, waliogelea, walitaga, lakini watoto wao hawakuwa na kichwa wala mgongo. Jeni iliyoharibika waliipa jina la huluwa. Kwa Kichina hulu ni kibuyu. Ukimpa jike huyo dume mwenye jeni nzima hakuna kinachobadilika, kwa kuwa kazi ya jeni hiyo hufanyika kabla jeni za baba hazijaamka. RNA yake hukaa upande wa chini wa yai. Baada ya kurutubishwa husafirishwa kuelekea upande mmoja, na protini yake husaidia protini nyingine, beta-katenini, kurundikana ndani ya viini vya seli za upande huo. Palipo na beta-katenini patakuwa mgongo.

Kwa baadhi ya chura, safari ya namna hiyo huacha alama inayoonekana hata kwa macho. Baada ya mbegu kuingia, gamba la yai lote huzunguka takriban digrii 30 juu ya utomvu wa ndani, likivutwa na nyuzi zilizo chini yake, na kwa kawaida mgongo hutokea mkabala na mahali mbegu ilipoingilia. Ukilimulika yai upande wa chini kwa miale ya urujuanimno kabla ya mgawanyiko wa kwanza, nyuzi hizo hazijipangi, mzunguko haufanyiki, na unachopata ni tumbo bila mnyama. Mwaka 1980 Steven Scharf na John Gerhart waliyachukua mayai yaliyoharibiwa hivyo, wakayalaza ubavu. Hawakuongeza dawa wala jeni. Vitu vizito vya ndani viliteremka kwa uzito wake, vikafanya kazi ya nyuzi, na viinitete vikapata mgongo na kichwa.

Niliisoma habari hiyo mara tatu. Mgongo wa mnyama uliokolewa kwa kugeuza yai.

Kwa kesi yangu maana yake haikuwa nzuri. Jike anaweza kupendeza na mayai yake yakawa na dosari. Kambare aliyechelewa kukamuliwa hupitisha mayai wakati wake yakiwa bado tumboni. Yakirutubishwa yanaweza kuanza kugawanyika kisha yakafa njiani. Tulikuwa tumechelewa? Sikumbuki kuangalia saa wakati wa kumkamua.

Basi washukiwa walikuwa watatu: baridi, manii, na mayai yenyewe. Nilianza kuhisi kwamba nitabaki na watatu hao maisha yangu yote.

Manii yaliyovunjika nusu

Nililokuwa sijalitarajia lilitoka katika karatasi ya zamani sana. Mwaka 1911 Mjerumani Oscar Hertwig aliripoti majaribio ya mbegu za chura zilizowekwa karibu na radiamu, madini yanayotoa miale, kwa muda mfupi au mrefu kabla ya kurutubisha mayai. Kadiri miale ilivyoongezeka ndivyo viinitete vilivyozidi kufa, kama mtu yeyote angetarajia. Ila miale ilipozidi sana, viinitete vilianza kuishi muda mrefu zaidi.

Mbegu iliyoharibiwa kabisa inaliamsha yai na kisha kromosomu zake hazishiriki tena. Kiinitete kinaendelea na za mama peke yake, kikiwa dhaifu lakini chenye mpangilio. Mbegu iliyovunjika nusu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu kromosomu zake zilizokatika zinaingia kazini na kuvuruga kila mgawanyiko. Na uharibifu huo haupigiwi kengele mapema. Miaka ya 1990 ilionekana kwamba kiinitete cha chura ambacho DNA yake imejeruhiwa kabla ya mpito huendelea kugawanyika kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha seli zake zinajiua kwa wingi baada ya mpito, kikiingia hatua ya gastrula, ambapo seli huanza kuhama na kujipanga. Kabla ya hapo hakuna mlinzi langoni.

Niliwaza juu ya friji ya Panzi, ikizimika na kuwaka.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba swali langu lilikuwa na jibu linaloweza kuonekana kwa macho, laiti ningekuwa na mayai ya wakati ule umeme ulipokatika. Kama baridi ndiyo iliyoua, basi mpaka dakika ya baridi kuingia viinitete vingekuwa vinasonga mbele kama kawaida. Kama vilikuwa vimeshahukumiwa na manii au na mayai, vingekuwa vimesimama kabla ya giza. Ilitosha kujua vilikuwa hatua gani saa saba usiku.

Saa saba usiku nilikuwa kitandani.

Plasta

Nilikuwa nimekipita kichupa hicho kila siku.

Mwezi mmoja kabla ya tukio nilimpa kijana vichupa vitatu vya formalini, dawa ya kuhifadhia vielelezo, kutoka maabara ya shule, nikamwomba akiona kifaranga chenye vichwa viwili, mkia uliopinda, au jambo lolote lisilo la kawaida, alitumbukize humo na aandike saa. Nilikuwa nikitaka vielelezo vya darasani. Asubuhi ile ya unga wa muhogo alinipa kimoja, nami nikakitia mfukoni bila kukitazama, nikidhani ni mayai meupe kama yale mengine. Kikakaa rafuni kati ya chura waliohifadhiwa.

Jumatatu moja nilikishika. Kilikuwa na plasta ya kidonda iliyozungushwa shingoni, na juu ya plasta maandishi ya kalamu ya bluu: *saa 7 na dakika 10, umeme umekwenda.*

Alikuwa ameyachukua mayai kabla ya kwenda kuhangaika na makaa. Umeme kukatika lilikuwa jambo lisilo la kawaida, na alifanya kama nilivyomwagiza.

Niliyamwaga kwenye kioo. Yalikuwa kumi na tisa. Kofia za seli zilikuwa bado zimesimama juu ya akiba ya chakula, nene na fupi, kama kilima. Katika mayai kumi na manne ukingo haukuwa umeteremka hata kidogo, na katika mengi seli zilikuwa za ukubwa usiolingana, nyingine zimevimba, nyingine zimepasuka. Hayo ni mayai yaliyotimiza saa tano na dakika kumi tangu kurutubishwa.

Je, ndivyo yanavyopaswa kuwa katika umri huo? Sikuweza kutumia ratiba ya samaki pundamilia kumhukumu kambare. Kila spishi ina mwendo wake, na hata nyuzi mbili za joto hubadilisha kila kitu. Nilihitaji kundi zima, katika beseni lile lile, kwa joto lile lile.

Kundi la pili

Mama alikubali nije, ingawa sikumweleza sababu. Alikuwa na jike mwingine na dume aliyechinjwa jioni hiyo hiyo. Maji yalikuwa nyuzi 27. Aliongeza maji sahanini saa moja na nusu usiku, nami safari hii sikulala. Nilikaa kwenye kreti ya bia iliyogeuzwa nikiwa na hadubini, kipimajoto na vichupa, na kila nusu saa nilichukua mayai kumi.

Saa mbili za kwanza hazikunifundisha lolote, na nilifurahi kwamba hazikunifundisha. Mbili, nne, nane, 16, maandazi kwenye sinia, sawa kabisa na usiku ule. Ningewekewa mayai ya usiku wote wawili kwenye kioo kimoja, nisingeyatofautisha. Baada ya hapo seli zikawa ndogo mno kuhesabika na kofia ikawa kilima. Kisha, karibu na saa ya nne, kilima kikaanza kulegea. Ukingo wake uliteremka juu ya duara la akiba kama kitambaa kinachovutwa polepole kufunika sufuria. Mimi nimechora mteremko huo ubaoni mara nyingi sana na sikuwa nimewahi kuuona ukitokea.

Katika saa ya tano na dakika kumi, mayai tisa kati ya kumi yalikuwa yamefunikwa karibu nusu.

Niliweka vichupa viwili kando kwa kando chini ya balbu. Kilima kilichosimama, na kitambaa kilichofika nusu. Umri mmoja, beseni moja. Viinitete vya usiku ule vilikuwa vimekwama kabla ya umeme kukatika, mahali hasa ambapo akiba ya mama huisha na mtoto hutakiwa kuanza. Makaa yangewashwa mapema kiasi gani, yasingewaokoa. Kama ni manii ya friji au mayai yaliyopitiliza, kichupa hakisemi. Kinasema tu kwamba kosa liliingia sahanini, saa mbili usiku, tukiwa tumesimama pale mimi na Mama wenyewe, na unyoya wa kuku.

Mama aliamka alfajiri kuangalia beseni, akanikuta bado nimekaa. Nilimwomba achungulie, kwanza kichupa kimoja, kisha kingine. Nilimweleza polepole, nikarudia habari ya blanketi. Alisikiliza bila kunikatiza. Hakusema kwamba ninakosea, wala hakusema kwamba nina haki. Aliuliza swali moja.

"Haya ya kwanza aliyaweka nani?"

"Yule kijana."

Alikichukua kichupa, akakigeuza kuelekea dirishani, akasoma plasta. Midomo yake ilicheza akisoma. Alikaa nacho mkononi muda mrefu, huku nyuma yetu maji ya beseni yakibubujika.

"Mwalimu," alisema, "namba yake unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Basi mpigie wewe. Ni wewe uliyesema mayai ni mazima."

Nilitoka nje kwenye mabwawa kutafuta mtandao. Ukingoni chura wawili walikuwa wameshatupwa, mmoja bado akijivuta kurudi majini. Simu iliita mara nne kabla hajapokea.